Aliyeumwa na Nyoka Akiona Unyasi Hushtuka: Somo Juu ya Homoni, Ubongo na Hofu



Tunapotembelea vikundi, kuanzia Endebess na Saboti upande wa Kitale hadi Kimilili na Cheptais upande wa Bungoma, kuna malalamiko tunayosikia tena na tena. "Nikisikia pikipiki usiku, roho inaruka." "Naamka saa nane usiku, moyo unapiga kama ngoma, na hakuna kitu." "Nimepimwa malaria, hakuna. Nimepimwa taifodi, hakuna. Basi ni nini?"

Mtu wa namna hii huambiwa amerogwa. Au huambiwa ni mwoga, au imani yake ni haba. Wengine huuza kuku, kisha mbuzi, ili wamlipe mganga, na usiku ukifika hofu iko pale pale. Katika somo hili tutaangalia hofu inavyofanya kazi ndani ya mwili, ili tujue la kufanya na tuache kumlaumu mgonjwa.

1. Homoni ni nini?

Homoni ni kama mjumbe wa chifu. Hutengenezwa na tezi, hubebwa na damu, na kupeleka amri sehemu mbalimbali za mwili. Kwa habari ya hofu, wajumbe wakubwa ni wawili: adrenalini na kotisoli. Wote wawili hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia.

Tuseme unachuma mboga, na nyoka anapita mbele yako. Kabla hujasema "nyoka!" tayari umeruka. Nani amekurusha? Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo kama punje ya njugu iitwayo amigdala. Hiyo ni mlinzi wa usiku. Haingoji ushahidi, ikishuku tu, inapiga kengele. Mara moja neva hupeleka habari kwenye zile tezi na adrenalini inamwagika. Moyo unakimbia, jasho linatoka, kinywa kinakauka, tumbo linasokota. Baada ya dakika chache kotisoli inafuata, na kuongeza sukari katika damu ili upate nguvu ya kukimbia au kupigana. Huu si ugonjwa. Bila kengele hii, babu zetu wangeliwa na chui wote.

2. Homoni zinafanya nini katika ubongo?

Adrenalini haiingii ubongoni kwa urahisi. Lakini kuna neva ndefu inayotoka kifuani na tumboni kwenda kichwani, nayo hupeleka habari: "Huku chini kuna moto!" Hapo ubongo hukaza kumbukumbu ya jambo lile. Ndiyo maana mtu anaweza kukumbuka rangi ya shati la aliyemvamia miaka mingi iliyopita, na hakumbuki alikula nini juzi.

Kotisoli yenyewe huingia ubongoni moja kwa moja. Husaidia kuweka kumbukumbu, tena ni breki. Ikifika kwa wingi, ubongo unapata ujumbe, "Inatosha, acha kutoa." Hatari ikipita, mtu hutulia pole pole.

Taabu inakuja hatari ikikaa miezi au miaka. Breki huchakaa. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kumwambia yule mlinzi, "Tulia, huyo ni jirani tu." Watafiti wameona kwamba msukosuko wa muda mrefu hudhoofisha sehemu hiyo, na amigdala nayo inazidi kuwa kali. Ndipo mtu anapiga kelele kwa mlango uliofungwa na upepo.

Lakini tusidhani ati kila mwenye hofu ana kotisoli nyingi. Baadhi ya watu waliopatwa na mambo mazito wakipimwa hukutwa na kotisoli ya chini kuliko kawaida. Kwa hiyo mtu akija sokoni kukuuzia dawa ya "kuosha homoni", shika pesa yako.

3. Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Tunajua yaliyopita hapa kwetu. Mapigano ya ardhi yaliyoanza mwaka 1991 yalifika Trans Nzoia na Bungoma. Kuanzia 2006 hadi 2008, kwenye Mlima Elgon, kundi la SLDF lilishika silaha kwa sababu ya mashamba ya Chebyuk. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kwamba waliouawa na kundi hilo walizidi 600, na makumi ya maelfu walihama makwao. Machi 2008 jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Wanaume wengi walikamatwa, na mashirika hayo yakaandika habari za mateso. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule, leo ni mzazi na ni mwanachama katika vikundi vyetu. Bunduki zilinyamaza, lakini amigdala haisomi kalenda.

Tena hofu si ya bunduki peke yake. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa Kenya. Walipima kotisoli katika mate ya wakulima maskini wa Kianyaga na ya mafundi wa vyuma wa Nairobi, kisha wakalinganisha na mvua. Mvua ilipokuwa haba, kotisoli ilipanda baada ya siku 10 hadi 20, na ilipanda zaidi kwa wakulima kuliko kwa mafundi. Sisi tunaopanda mahindi mara moja kwa mwaka tunaelewa. Mvua ikichelewa mwezi wa nne, na mbegu na mbolea zimenunuliwa kwa mkopo, ugomvi wa nyumbani si tabia mbaya tu. Kengele inalia ndani ya watu.

4. Kikundi kinaweza kufanya nini?

(a) Kufundishana kupumua. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Endelea dakika tano. Kutoa pumzi pole pole hupunguza mwendo wa moyo kwa njia ya ile neva ndefu, nao ubongo hupata habari kwamba mambo ni shwari.

(b) Kutomlazimisha mtu kusimulia yaliyompata. Akitaka kusema, tusikilize bila kumhukumu. Asipotaka, tukae naye tu. Na yaliyosemwa kwenye kikundi yabaki kwenye kikundi.

(c) Kumsindikiza. Anayeogopa njia ya sokoni akibaki nyumbani, amigdala haitajifunza kamwe kwamba njia sasa ni salama. Tuhakikishe kwanza kuwa ni salama kweli. Kisha wenzake wawili waende naye, leo hadi kona, wiki ijayo hadi dukani, mpaka afike soko lenyewe.

(d) Kupunguza vichocheo. Chang'aa na busaa huleta usingizi mfupi, kisha mtu anaamka na hofu kubwa zaidi. Miraa nayo hukimbiza moyo uliokwisha kukimbia.

(e) Kutatua shida moja ndogo kwa wakati. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Nairobi juu ya wanawake 421, wengi wao wakiwa wamewahi kutendewa ukatili. Waliopata vipindi vitano na wahudumu wa afya wa jamii, si madaktari, walipungukiwa na wasiwasi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Walifundishwa nini? Kupumua, kutatua shida zinazotatulika, kurudia kazi zao kidogo kidogo, na kutafuta watu wa kuwategemea. Kikundi kinachokutana kila wiki bila kukosa, na chenye akiba ya kumwinua mwenzao, kiko karibu sana na dawa hiyo.

5. Ni wakati gani wa kwenda hospitali?

Msiseme "ni mawazo tu" mkiona haya:

- Mtu anakonda ingawa anakula, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, au shingo imevimba. Huenda tezi ya shingo inatoa homoni kupita kiasi. Damu hupimwa, na dawa ipo.

- Mama aliyejifungua. Homoni zake hushuka ghafla baada ya kuzaa. Kulia na wasiwasi wa siku chache ni kawaida. Zikipita wiki mbili, apelekwe kliniki. Akisikia sauti, au akifikiria kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

- Mtu hofu imemkalia zaidi ya mwezi, halali na hawezi kazi. Aanze kwa dispensari, aombe kuelekezwa hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma.

- Yeyote asemaye heri afe. Msingoje kesho.

Kumwombea mgonjwa ni vyema. Tumwombee, halafu tumtafutie nauli.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hapa kijijini, mtu mwenye hofu isiyoisha huitwa majina gani? Majina hayo yanamsaidia au yanamwumiza?
2. Ni njia gani, mahali gani au sauti gani ambayo bado inawatia watu wetu hofu?
3. Ni mwezi gani wasiwasi huzidi majumbani kwetu? Akiba yetu inaweza kupangwa vipi ili ifike mwezi huo?
4. Kuna mwanachama ambaye hajaonekana mikutano miwili iliyopita? Nani atamtembelea wiki hii?

Somo lisomwe kwa sauti, pole pole. Wanaojua Kibukusu au Kisabaot wawafasirie wazee.