Wanaofundisha Bila Kuulizwa: Utafiti wa Jamii Juu ya Ujinsia, Uzee na Afya katika Masasi na Newala

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukitazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, katika nchi tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama pwekepweke. Katika sehemu hizo mbili za Mkoa wa Mtwara wamekaa kwa muda mrefu Wamakonde, Wamakua na Wayao, makabila ambayo kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Jambo jingine linalowaunganisha ni mafunzo ya utu uzima: mvulana hupita jandoni, na msichana hupita unyagoni.

Walimu wa unyago ni wanawake, na kiongozi wao, nyakanga, aghalabu ni mtu mwenye umri mkubwa. Yeye humfundisha mwali mambo ya hedhi, usafi wa mwili, heshima, ndoa na malezi. Kwa hiyo, tangu zamani, elimu ya ujinsia katika jamii hizo imekuwa mikononi mwa wazee. Lakini watafiti walipoanza kupima mambo ya uzazi, unyumba na maradhi ya zinaa nchini, kwa miaka mingi waliwauliza watu wenye umri wa kuzaa tu. Nyakanga, ambaye ndiye mwalimu, aliachwa nje ya hesabu. Makala haya yanaeleza sababu za jambo hilo, hasara yake, na njia za kulirekebisha.

Maana ya Maneno

Ujinsia si tendo la ndoa peke yake. Ni jumla ya mambo yanayomhusu mtu kwa kuwa mwanamume au mwanamke: mwili wake, mapenzi, ndoa, uzazi, haya, na mafundisho ya jamii juu ya hayo yote. Uzee, kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, huhesabiwa kuanzia miaka 60. Hata hivyo mwili hauzeeki kwa siku moja; mabadiliko mengi huanza kabla ya umri huo. Ama afya, Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza kuwa ni hali njema ya mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Kwa maana hiyo, mzee mwenye maumivu ambayo anaona haya kuyataja hana afya kamili, hata kama hana homa.

Watafiti wa Mwanzo

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitembelea Masasi na Newala. Alichukua picha na kurekodi nyimbo, na katika kitabu chake cha mwaka 1908 alieleza sherehe kadhaa za unyago. Maandishi yake yana faida, lakini yana mipaka. Alikuwa mwanamume, mgeni, mtu wa serikali iliyokuwa ikitawala, na alitegemea wakalimani. Mafunzo ya unyago ni siri ya waliopita humo. Ni dhahiri kwamba mtu wa namna hiyo huonyeshwa ngoma, lakini haonyeshwi somo.

Baada yake kulikuwa na Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944. Yeye hakuipiga marufuku jando, bali aliigeuza iwafae vijana wa Kikristo. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1972 uchunguzi wake juu ya jambo hilo. Kwa upande wa wasichana kazi ya misheni ilikuwa ngumu zaidi, maana mafunzo yalikuwa chini ya wanawake ambao mapadre hawakuwa na njia ya kuzungumza nao waziwazi. Hapa mwanafunzi ajifunze kanuni ya kwanza: katika utafiti wa jamii, habari inayopatikana hutegemea ni nani anayeuliza.

Mpaka wa Miaka 49

Kanuni ya pili ni kwamba habari hutegemea pia ni nani anayeulizwa. Uchunguzi wa taifa juu ya idadi ya watu na afya, ulioanza Tanzania mwaka 1991 na 1992, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Uchunguzi wa kwanza wa taifa wa viashiria vya UKIMWI, wa mwaka 2003 na 2004, nao uliwapima wanawake na wanaume wa umri huohuo. Mwaka 2004, katika wilaya tano za kusini, zikiwamo Newala na Tandahimba, watafiti wa Ifakara walitembelea kaya zaidi ya 21,000 wakiwa na kompyuta ndogo za mkononi. Ilikuwa kazi kubwa na ya manufaa, lakini shabaha yake ilikuwa malaria na afya ya watoto wadogo.

Mpaka wa miaka 49 haukuwekwa kwa dharau. Shabaha ya kwanza ya uchunguzi mwingi ilikuwa uzazi, na wanawake wengi hukoma kuzaa kabla ya umri huo. Kosa lilianza pale mpaka wa uzazi ulipochukuliwa kuwa mpaka wa ujinsia.

Chukua mfano wa kubuni. Kijiji kina watu wazima 400. Kati yao 300 wana miaka 15 hadi 49, na 100 wana miaka 50 au zaidi. Katika kundi la kwanza watu 12 wana virusi vya UKIMWI; katika kundi la pili wanavyo watu 7. Mtafiti anayepima kundi la kwanza tu ataandika asilimia 4, na atasema kijiji kina wagonjwa 12. Kwa kweli wako 19, yaani asilimia 4.75. Wagonjwa 7 kati ya 19, zaidi ya theluthi, hawakuonekana. Dawa zikiagizwa kwa hesabu ya kwanza, hazitatosha.

Mfano huo si ndoto. Tangu mwaka 2004 Tanzania ilipoanza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo, watu wengi walioambukizwa wameishi hadi uzeeni. Katika eneo la mashambani la Agincourt, Afrika Kusini, watafiti waliwahoji watu 5,059 wenye miaka 40 au zaidi katika mwaka 2014 na 2015. Karibu robo yao walikuwa na virusi hivyo, na zaidi ya nusu walisema bado wana maisha ya unyumba. Hapa nchini, uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 uliuvunja mpaka wa zamani na kuwapima watu wazima wa umri wote. Hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Mwili Unapozeeka

Mwanamke hukoma hedhi kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutoa homoni ya estrojeni. Matokeo yake ni joto la ghafula mwilini, usingizi wa taabu, mifupa kupungua nguvu, na ukavu unaoweza kuleta maumivu katika unyumba. Mengi ya hayo yana tiba. Kwa mwanamume, tezi dume huongezeka ukubwa na kusumbua mkojo; na upungufu wa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya kisukari au maradhi ya mishipa ya damu. Anayeificha dalili hiyo kwa aibu anauficha na ugonjwa ulio nyuma yake.

Haya hizo si za Umakondeni tu. Nchini Marekani, watafiti waliwahoji watu 3,005 wa miaka 57 hadi 85, wakatangaza matokeo mwaka 2007. Waliosema bado wana unyumba walikuwa asilimia 73 kwa wenye miaka 57 hadi 64, na asilimia 26 kwa wenye miaka 75 hadi 85. Lakini wanawake waliokuwa wamezungumza na daktari juu ya mambo hayo tangu walipofikia miaka 50 walikuwa asilimia 22 tu. Asilimia hizo ni za Marekani, wala haifai kuzihamishia Newala. Kinachofaa kuchukuliwa ni swali.

Kuna ugonjwa mmoja unaoonyesha hatari ya kunyamaza, nao ni saratani ya shingo ya kizazi. Huletwa na virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na huchukua miaka mingi kabla ya kuonekana. Kila mwaka Tanzania hukadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000. Mwaka 2018 chanjo ilianza kutolewa nchini kote kwa wasichana wa miaka 14. Bibi zao hawawezi kuipata faida hiyo. Tena, mwanamke aliyekoma kuzaa haendi tena kliniki ya mama na mtoto; anaondoka machoni mwa wauguzi wakati hatari inapoongezeka. Basi ifahamike: damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima si hedhi iliyorudi. Ni dalili ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Namna ya Kumwuliza Mzee

Kwanza, umri. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, hivyo mtafiti hutumia kalenda ya matukio: mpango wa karanga wa Nachingwea wa mwisho wa miaka ya 1940, Uhuru wa mwaka 1961, Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976, na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Mwanamke aliyekuwa mwali wa miaka 13 mwaka wa Uhuru alizaliwa karibu na mwaka 1948. Wakati wa Sensa ya mwaka 2022 alikuwa na miaka 74 hivi.

Pili, muulizaji. Mambo ya unyumba hayasemwi baina ya mzazi na mtoto. Baina ya bibi na mjukuu kuna utani, na maneno hupita. Kwa hiyo hufaa mwanamke amhoji mwanamke, kwa lugha anayoizoea mzee mwenyewe, na mahali pa faragha. Neno la mafumbo lisidharauliwe, bali liandikwe kama lilivyosemwa, kisha maana yake iulizwe.

Tatu, haki. Mzee aelezwe shabaha ya utafiti, akubali kwa hiari, na aweze kukataa swali lolote. Jina lake lisiandikwe penye majibu. Siri za unyago zisichapishwe: mtafiti wa afya anahitaji kujua mzee anaumwa nini, wala hahitaji kujua mwali aliimbiwa nini.

Hitimisho

Utafiti unaomwacha mzee hupoteza mara mbili: hupoteza mgonjwa, na hupoteza mwalimu. Nyakanga anayezijua dalili za saratani anaweza kuwaeleza wanawake wenzake wa kijiji kizima kwa maneno wanayoyaheshimu. Lakini kabla ya kutakiwa kufundisha jambo jipya, yafaa yeye mwenyewe aulizwe hali.

Maswali ya Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya mpaka wa uzazi na mpaka wa ujinsia.
2. Katika kijiji cha mfano, ikiwa wenye virusi katika kundi la pili wangekuwa 10, kiwango cha kijiji kizima kingekuwa asilimia ngapi?
3. Tunga kalenda ya matukio matano ya kijiji chako, kisha uitumie kukadiria umri wa mzee mmoja kwa ridhaa yake.
4. Kwa nini asilimia zilizopatikana Marekani hazifai kutumiwa kueleza hali ya Newala?