Je, mafunzo ya makumbusho ni kupangusa vumbi tu?

SWALI: Nasoma baiolojia, mwaka wa tatu. Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye hifadhi ya vielelezo ya makumbusho. Wenzangu wanasema nitapangusa vumbi tu. Niende?

JIBU: Nenda, mwanangu. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyopo Nairobi, ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902. Mimea yake imedumu kwa sababu ya watu wa kazi hiyohiyo.

Adui mkubwa ni wadudu wanaotafuna majani, mbawa na ngozi. Utajifunza kufunga vielelezo ndani ya plastiki, visipate unyevu, na kuviweka kwenye friza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au mbili. Utaongeza alkoholi kwenye chupa za vyura na samaki, maana hugeuka mvuke. Lebo zilinde kuliko chochote: ndege asiyejulikana alipatikana wapi na lini hana faida kubwa kwa sayansi.

Vumbi nalo lipo, na lina hatari. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa aseniki, na sumu hiyo haiishi. Kabla hujaanza, uliza kama utapewa glavu na barakoa. Usipopewa, usiguse ngozi hizo.