Deni la Mahindi na Imani ya Mjane wa Malaba

Mjane anayeuza mahindi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ameiandikia safu hii akieleza kwamba shehena aliyoinunua Uganda kwa mkopo wa chama cha wanawake ilikataliwa mpakani kwa kuzidi kiwango cha sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vyema. Wanachama waliomdhamini sasa wanadaiwa, mchungaji anamhimiza atoe akiba iliyobaki iwe “mbegu” ya muujiza, na ndugu zake wa Tororo, Uganda, wanamwita avuke usiku akaishi kwao. Anauliza iwapo kuhangaika kutafuta njia ni dalili ya kukosa imani.

Si dalili hiyo hata kidogo. Hezekia, mfalme wa Yuda aliyevamiwa na jeshi la Ashuru mwaka 701 kabla ya Kristo, aliikunjua barua ya vitisho hekaluni mbele za Mungu, lakini Biblia inasimulia pia kwamba alikuwa ameziba chemchemi za nje ya mji, akaujenga ukuta uliobomoka na kuyaelekeza maji ndani ya Yerusalemu. Mfereji unaohusishwa naye, uliochongwa mwambani kwa takriban mita 530, ungali unapitika. Jeshi lilimzidi nguvu, na hilo alimwachia Mungu; maji yalikuwa ndani ya uwezo wake, naye aliyashughulikia.

Kwa mama huyu, mahindi yaliyoharibika na masharti ya mpaka ndiyo jeshi. Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania mwezi Machi 2021, zuio liliondolewa baada ya siku chache, ila ikabaki sharti la cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila bilioni, na machozi ya mfanyabiashara mmoja, hata yawe ya haki namna gani, hayawezi kulibadilisha.

Akiba ni jambo jingine. Maadamu wenzake wanadaiwa kwa ajili yake, fedha hiyo si yake peke yake, na kuitoa kanisani ni kutoa sadaka ya mali ya wanawake wengine. Mchungaji anayejua hali hiyo akaendelea kuidai anamkosea sana. Kutoroka nako ni rahisi, kwa kuwa Wateso kama yeye wanaishi pande zote mbili za mpaka, lakini mzigo ungewaangukia wadhamini walewale.

Baadaye anaweza kuanza upya kwa Utaratibu Rahisi wa Biashara, mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaoruhusu bidhaa zilizoorodheshwa zinazotoka ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili, ingawa ukaguzi wa ubora unabaki palepale; kwa hiyo anunue mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Kwanza, hata hivyo, aombe kwa moyo wote, kisha aende kwenye mkutano ujao wa chama akiwa na daftari lake na akiba hiyo mkononi, apendekeze kiasi anachoweza kulipa kila wiki, na amwombe mwanachama anayemwamini akae karibu naye anapozungumza.