Kifaa kimekufa au ni mpangilio tu? Vipimo vya kufanya kwenye Linux kabla hujatoa hela



Somo la leo ni kwa wewe unayeuza mtandaoni na kompyuta yako ni ya zamani kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti yake, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi. Ndiyo maana watu wengi wanahamia Linux, hasa Linux Mint, kwa sababu ni ya bure na haichoshi mashine. Mimi kazi zangu zote za duka nafanyia humo: WhatsApp na Instagram kwenye Firefox, mahesabu kwenye LibreOffice, picha za bidhaa kwenye GIMP.

Lakini swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nimeshaiweka, mbona waifai haipo?" Au printa haitoi. Au skrini nyeusi. Mtu anakimbia kwa fundi, anaambiwa kadi imekufa, anachomoa hela ya mzigo kununua kifaa kipya. Kumbe kile cha kwanza kilikuwa kizima, kilichokosekana ni draiva tu.

Kwa hiyo leo tujifunze jambo moja: kutofautisha kifaa kibovu na mpangilio mbovu. Ukiweza hilo, umeokoa pesa.

📌 KANUNI YA FLASHI

Linux Mint inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu chochote ndani ya kompyuta. Unapakua faili moja la karibu GB 3, unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, unawasha kompyuta kupitia flashi. Watu wengi wanaitumia flashi hiyo mara moja tu, siku ya kuweka, kisha wanaifuta waweke nyimbo. Usiifute. Hiyo flashi ndiyo mwamuzi wako.

Kifaa kikigoma, kijaribu sehemu mbili au tatu kisha soma majibu hivi:

✅ Kinafanya kazi kwenye flashi, kinagoma kwenye Linux uliyoweka: kifaa ni kizima. Tatizo ni mpangilio.

✅ Kilikuwa kinafanya kazi kwenye Windows mpaka siku ya mwisho, kinagoma kwenye flashi: kifaa huenda ni kizima. Tafuta draiva kwanza.

❌ Kinagoma kwenye Windows, kinagoma kwenye flashi, na umeshabadilisha waya na tundu: hapo ndipo tuhuma ya kifaa kufa inakuwa na uzito. Sasa nenda kwa fundi.

Ndiyo maana nasisitiza: kama bado hujahama, jaribu kila kitu kwenye flashi kabla ya kubofya kuweka. Waifai, sauti, kamera, printa, mwanga wa skrini. Dakika 20 zinatosha.

Na kabla ya yote, nakili picha za bidhaa, namba za wateja na daftari la madeni kwenye diski ya nje au flashi nyingine. Wakati wa kuweka, ukichagua "Erase disk" kila kitu kilichomo kinafutwa. Haikuulizi mara kumi.

1️⃣ KOMPYUTA HAIWAKI KUPITIA FLASHI

Kila kampuni ina kitufe chake cha kuchagua pa kuwakia. HP ni F9, Dell na Lenovo ni F12, Asus ni Esc. Acer ni F12 pia, ila nyingine inabidi kwanza ukiruhusu kwenye mipangilio ya ndani kwa F2. Bonyeza kitufe mara kadhaa mara tu unapowasha, usisubiri nembo ipotee.

Flashi haionekani kabisa? Iandike upya, jaribu tundu lingine. Ikiwaka halafu inakwama njiani, shuku faili lenyewe. Bando likikatika katikati ya kupakua, faili linaweza kuharibika na usione. Tovuti ya Mint inatoa namba ya uhakiki ya kila faili. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Namba ikitofautiana hata herufi moja, pakua upya. Usilaumu kompyuta.

2️⃣ SKRINI NYEUSI

Flashi inawaka, menyu inaonekana, ukichagua kuanza skrini inakuwa nyeusi. Hii hutokea sana kwenye mashine zenye kadi ya picha ya NVIDIA. Kama menyu imeonekana, skrini yako ni nzima, usiogope. Rudi kwenye menyu hiyo, chagua "compatibility mode". Ukishaiweka Linux, fungua "Driver Manager", chagua draiva iliyoandikwa "recommended", washa upya.

3️⃣ WAIFAI HAIPO

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, tuende taratibu.

Kwenye Linux draiva nyingi zimo ndani ya mfumo wenyewe, ndiyo maana huhitaji sidii ya kila kifaa. Lakini kuna kampuni ambazo draiva zao hazimo, na maarufu zaidi ni Broadcom, ambayo kadi zake zimo kwenye laptopu nyingi za zamani. Draiva ipo, ila inawekwa pembeni.

Fungua terminali, andika:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Angalia mambo mawili. Kwanza, je, jina la kadi limetokea? Likitokea, kompyuta inaiona kadi, kwa hiyo haijafa. Pili, kuna mstari unaosema "Kernel driver in use"? Usipokuwepo, kadi ipo ila haina draiva.

Sasa utasema: draiva inapatikana mtandaoni, na mimi mtandao ndio sina! Njia ni mbili:

👉 Chomeka simu yako kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa "USB tethering". Kompyuta inapata intaneti ya simu bila waifai. Kisha fungua "Driver Manager" uweke draiva.

👉 Au chomeka ile flashi ya Mint. "Driver Manager" ikiona hakuna mtandao, itakuomba flashi, na draiva ya Broadcom inachukuliwa humo humo. Umeona kwa nini nilisema usiifute?

Kama kadi ina draiva lakini bado hakuna mtandao, andika:

rfkill list

Ikisema "Soft blocked: yes", imezimwa na mfumo. Andika rfkill unblock wifi. Ikisema "Hard blocked: yes", imezimwa kwa swichi au kitufe cha kwenye kompyuta yenyewe, kile chenye alama ya mnara au ndege. Kibonyeze. Hapo hakuna cha kununua.

Na kadi ikiwa imekufa kweli? Bado huna haja ya kubadilisha kompyuta. Nunua kijiti cha waifai cha USB, ila uliza chipu yake kabla ya kulipa. Zenye Atheros AR9271 au MediaTek MT7601U zinafanya kazi moja kwa moja ukichomeka. Baadhi za Realtek zinakutaka utafute draiva mwenyewe. Sura ya nje ni ile ile, ndani ni tofauti, kwa hiyo kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha.

4️⃣ SKRINI YA BLUU INAYOULIZA "MOK"

Kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot haikubali draiva ambayo haikusainiwa. Ukiweka draiva ya Broadcom au NVIDIA, Mint inakuomba utunge nywila, na ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu. Wengi wanadhani ni kirusi, wanaiacha ipite. Draiva inabaki imezuiwa, waifai haiji, wanarudi kusema kadi mbovu.

Skrini hiyo haikai muda mrefu. Bonyeza kitufe chochote haraka, chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika nywila ile ile uliyotunga. Basi.

5️⃣ SAA IMERUDI NYUMA

Kwa muuza mtandaoni hili si dogo. Tarehe ikiwa mbovu, risiti zinatoka na tarehe za ajabu, na kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama, WhatsApp Web ikiwemo, kwa sababu cheti cha tovuti kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Mtu anadhani akaunti imedukuliwa.

Soma ukubwa wa kosa. Kama una Windows na Linux kwenye mashine moja, na saa inapishana masaa 3 kamili, ni mpangilio. Linux inaandika saa ya dunia kwenye kompyuta, Windows inaisoma kana kwamba ni saa ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele masaa 3. Saa nne asubuhi inakuwa saa moja. Dawa, ukiwa Linux:

timedatectl set-local-rtc 1

Lakini kama kila ukichomoa chaja na kuzima tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma, na ukiingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta unaikuta mbovu huko pia, hiyo ni betri ndogo ya kwenye ubao, ile kama kidonge, mara nyingi CR2032. Hapo ni kifaa kweli, tena cha bei ndogo. Usikubali kuambiwa "mazabodi".

6️⃣ PRINTA NA MASHINE YA RISITI

Washa printa, chomeka waya, andika:

lsusb

Chomoa, andika tena. Kuna mstari uliopotea? Basi waya, tundu na printa vinaonana. Tatizo ni draiva au mpangilio. Hakuna mstari uliopotea? Badilisha waya kwanza, ndio unaokufa kuliko vyote.

Printa nyingi za miaka ya karibuni zinafanya kazi bila draiva yoyote, hasa za waifai. Za HP zina programu yake inayoitwa HPLIP. Za risiti za karatasi ya milimita 58, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa hela: "Ina draiva ya Linux, ya CUPS?" Akibabaika, omba kuijaribu kwa flashi yako pale pale dukani.

7️⃣ DISKI

Kompyuta ikiwa nzito ghafla, au faili zinagoma kufunguka, usianze kuweka mfumo upya. Fungua programu ya "Disks", chagua diski, kwenye menyu bofya "SMART Data & Self-Tests". Ikionyesha diski inakufa, nakili data zako SASA, mengine baadaye. Kuweka Linux upya kwenye diski inayokufa ni kupaka rangi ukuta unaobomoka.

Ila kama faili za upande wa Windows zinasomeka na kukataa kubadilishwa tu, diski haina kosa. Windows haikuzimwa kabisa, ililala. Ingia Windows, shikilia Shift huku ukibofya "Shut down", kisha rudi Linux.

⚠️ MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitano, hutajua kipi kimetibu na kipi kimeharibu.

Usinakili amri usiyoielewa, hasa inayoanza na sudo. Sudo ni funguo ya nyumba nzima.

Na kama biashara yako inategemea programu ya stoo au mahesabu inayokubali Windows tu, usihame bado. Jaribu kwenye mashine ya pili kwanza. Duka haliwezi kufungwa wiki nzima eti unajifunza.

Umekwama? Andika hapo chini: aina ya kompyuta, toleo la Linux, kifaa kinachogoma, kama kinafanya kazi kwenye flashi, na majibu ya amri hii:

inxi -Fxz

Hiyo inaorodhesha vifaa vyako vyote huku ikificha anwani za mtandao wako. Ukileta hayo, mtu mwenye uelewa atakujibu. Ukiandika "waifai haifanyi kazi jamani msaada", utapata pole nyingi bila dawa.

Mtumie mwenzako mwenye laptopu ya zamani kabla hajaenda kununua kadi.