Khofu, Subira na Tawakali



Kuingiwa na khofu si upungufu wa imani. Qur'ani yatueleza katika Sura Taha kwamba Nabii Musa a.s. aliingiwa na khofu moyoni mwake alipoziona kamba na fimbo za wachawi wa Firauni kana kwamba zatambaa, naye ni Mtume. La kutazamwa ni hili: khofu yampeleka mtu wapi?

Twaona makundi mawili yaliyokosea. La kwanza, mtoto akiugua au biashara ikisimama, hukimbilia kwa mpiga ramli na kununua hirizi. La pili hukaa kitako likisema, "Nimetawakali," na mgonjwa asipelekwe kwa daktari. Wale wamemtegemea asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Hawa wameupa uvivu jina la dini.

Natuutazame mwenendo wa Mtume wetu s.a.w. alipohama Makka mwaka 622, na Makureshi wamekwisha azimia kumwua. Alimwacha Sayyidna Ali r.a. alale kitandani pake. Madina iko kaskazini, naye alishika njia ya kusini hata pango la Thaur, akakaa humo siku tatu pamoja na Abubakar r.a. Abdalla mwana wa Abubakar akiwaletea khabari za mji usiku. Asmaa aliwatayarishia chakula cha safari. Amir bin Fuhaira akipitisha mbuzi ili nyayo zifutike. Kiongozi wa njia alikuwa mtu wa kuajiriwa, tena si Mwislamu, lakini mjuzi wa kazi yake na mwaminifu.

Baada ya hayo yote, maadui walifika mlangoni pa pango. Abubakar r.a. alikhofu kwamba mmoja wao akitazama miguuni pake atawaona. Mtume s.a.w. hakumkemea, bali alimtuliza kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Habari hii imetajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 40.

Fahamuni wakati wa maneno hayo. Yalisemwa pale mkono wa mwanadamu ulipokwisha fanya yote uliyoyaweza, na haukubakiwa na hila. Hapo ndipo mahali pa tawakali. Na subira ni kule kukaa pangoni siku tatu bila ya kutoka kabla ya wakati.

Basi mmoja wetu akikosa usingizi kwa maradhi, deni au kazi iliyopotea, na atawadhe, asali, amwombe Mola wake. Kukipambazuka amwendee daktari, azungumze na mdai wake, atake shauri kwa wenye akili. Kisha matokeo amwachie Mwenyezi Mungu, wala asiyafuate kwa mpiga ramli, ambaye naye hajui yatakayompata kesho. Na amwonapo nduguye ana khofu, asimwambie kwamba imani yake ni dhaifu. Na amtulize, kama alivyotulizwa Abubakar.

Wabillahi taufiq.