Kompyuta ya Linux Imenyamaza? Fuata Njia ya Sauti Kabla ya Kumlipa Fundi

Dakika kumi kabla ya mahojiano ya kazi kupitia intaneti, mkazi anaketi mbele ya kompyuta. Anamwona anayemhoji, midomo inacheza, lakini hasikii chochote. Katika hali kama hii wengi hukimbilia kununua spika mpya au kumwita fundi, ilhali mara nyingi hakuna kifaa kilichoharibika. Sauti imefungwa mahali fulani njiani, au imeelekezwa kwingine.

Mwongozo huu ni wa watumiaji wa kompyuta za mezani zenye mfumo wa Linux, hasa Ubuntu. Mfumo huo hautozi ada ya leseni, na kuna matoleo ya Linux yanayofanya kazi hata kwenye mashine zilizozeeka.

Sauti hutoka kwenye programu, tuseme kivinjari, ikapokelewa na msimamizi wa sauti. Katika Ubuntu kuanzia toleo la 22.10 msimamizi huyo ni PipeWire. Matoleo ya awali hutumia PulseAudio. Kisha hupitia ALSA, sehemu ya kiini cha Linux inayowasiliana na kadi ya sauti, ndipo ifike kwenye waya na spika.

Wakazi wanashauriwa kuanza na waya. Nyuma ya kompyuta huwa na matundu ya rangi: la kijani ni la spika, la waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kuingiza sauti. Anayefagia chumba akichomoa waya na kuurudisha kwenye tundu la waridi, spika hazitasikika. Hakikisha pia spika zina umeme na kwamba hakuna visikizi vilivyosahauliwa kwenye tundu la mbele, kwa sababu mashine nyingi hunyamazisha spika vikichomekwa.

Waya zikiwa sawa, fungua "Settings", kisha "Sound". Hapa ndipo penye kosa linalowasumbua wengi. Monita ikiunganishwa kwa waya wa HDMI, kompyuta inaweza kuamua kupeleka sauti huko, na monita nyingi hazina spika. Kipimo cha sauti kinaonekana kimepanda hadi juu, lakini sauti inaishia kwenye monita. Kwenye orodha ya "Output Device" chagua "Line Out" au "Headphones" badala ya HDMI, kisha bonyeza kitufe cha kujaribu. Jaribio likisikika lakini video iko kimya, kosa liko kwenye kivinjari: huenda ukurasa wenyewe umezimwa sauti.

Bado kimya? Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, andika alsamixer, kisha Enter. Bonyeza F6 uchague kadi ya sauti. Safu yenye herufi MM chini yake imezimwa. Ifikie kwa mishale, bonyeza M hadi ionyeshe 00, halafu upandishe kwa mshale wa juu. Angalia hasa "Master", "Front" na "PCM". Ukimaliza bonyeza Esc.

Wakati mwingine msimamizi wa sauti mwenyewe amekwama. Amri hii humwanzisha upya bila kuzima kompyuta:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwenye mashine zenye PulseAudio, andika pulseaudio -k.

Orodha ikionyesha "Dummy Output" pekee, msimamizi wa sauti hajapata kadi ya kutumia. Andika aplay -l. Ikiwa hakuna kadi inayotajwa, zima kabisa kompyuta, uiwashe, na uangalie kwenye mipangilio ya BIOS kama sauti imefungwa. Ikiwa kimya kilianza baada ya kusasisha mfumo, chagua kiini cha awali kwenye "Advanced options" mashine inapowaka. Hapo sasa fundi ana kazi, na atakushukuru ukimwonyesha majibu ya aplay. Kadi ikiwa imekufa kweli, adapta ndogo ya sauti ya USB kwa kawaida hutambuliwa na Linux bila kuongezewa programu, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha kompyuta nzima.

Wanaosimamia kompyuta za umma wana sababu nyingine ya kutosubiri malalamiko. Mkazi asiyeona hutumia Orca, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini na ambayo huwashwa katika Ubuntu kwa kubonyeza Alt, kitufe chenye nembo ya Windows na S. Sauti ikipotea, mkazi huyo hawezi hata kusoma mipangilio ya kuirudisha. Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, amri moja inatosha kwa kila mashine:

speaker-test -c 2 -t wav -l 1

Sauti ya mtu itasikika ikitaja spika ya kushoto, kisha ya kulia.