Kabla Kibarua Hajabeba Bomba

Msimu ukikaribia, mwenye shamba huulizia bei ya mbegu, bei ya mbolea na lini mvua itanyesha. Kuhusu watu watakaoingia shambani huuliza jambo moja tu: kwa siku kiasi gani? Lakini kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, shamba lenye waajiriwa hapa Tanzania Bara ni mahali pa kazi, kama kiwanda kilivyo. Mengi ambayo sheria hiyo inayadai hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwenye shamba kuwepo na kufungua macho.

1. Soma kibandiko cha dawa ya kupulizia, hasa ule mstari wa rangi chini yake. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, inafuata njano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye nafuu. Nafuu, si maji ya kunywa. Tafuta pia namba mbili ambazo watu huzichanganya: muda wa kukaa nje ya shamba baada ya kupulizia, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ya kwanza inamlinda kibarua, ya pili inamlinda mla nyanya. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda haina kibandiko, kwa hiyo usiinunue hata ikiwa nusu bei.

2. Kagua bomba la kupulizia kabla ya kumkagua mtu. Tia maji matupu, libebe mwenyewe, tembea nalo hatua kadhaa. Mfuniko ukilegea, dawa hutiririka mgongoni, shati likalowa na ngozi ikaifyonza mpaka jioni. Hapo hata barakoa nzuri haisaidii. Mpiga dawa avae glavu za mpira, buti, miwani na mikono mirefu, na miguu ya suruali iwe juu ya buti, si ndani yake, ili matone yasiingie kwenye soksi. Apige asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, asitembee akiukabili. Tundu la kupulizia likiziba, asilipulize kwa mdomo. Mpe mswaki mkuukuu. Akimaliza aoge kwa sabuni, na nguo zile zifuliwe peke yake.

Atakuambia, "Nimezoea, bosi." Usilikubali jibu hilo. Ziko dawa za wadudu ambazo mwili hauzizoei kamwe: kila siku ya kupulizia hupunguza kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kufanya kazi, na kabla hakijarudi kiasi chake, siku nyingine ya kupulizia imefika. Aliyepiga msimu mzima bila kinga anaweza kuanguka kwa kiasi kile kile alichokipuuza mwezi uliopita.

3. Maziwa hayaondoi sumu. Imani kwamba yanaiondoa ni ngumu kung'oa, na inapoteza muda wa kumwahisha mgonjwa. Mtu akianza kutoka jasho jingi na mate, tumbo likimkata, mboni za macho zikisinyaa au misuli ikichezacheza, mtoe shambani, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali. Usimtapishe. Chukua na chupa ya dawa yenye kibandiko chake, maana daktari akijua ni sumu gani ndipo anapojua aanzie wapi.

4. Chupa ikiisha, suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba, kisha itoboe. Isiwe ya mafuta ya taa wala ya kupelekea uji shambani.

5. Usilale na mahindi yaliyofukizwa. Vidonge vya ghalani hutoa gesi vikipata unyevu wa hewa, na gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na mtoto. Gunia lililofungwa vizuri bado linaipitisha. Kama ghala lako ni chumba cha nyumba mnayolala, tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoua wadudu bila dawa yoyote.

6. Mashine inayozunguka haingoji. Mashine ya kupukuchulia mahindi, pawatila, shafti ya trekta: zote hukamata kitambaa kwanza, mtu baadaye. Kanga iliyofungwa kiunoni, skafu au mkono wa shati uliochanika vinatosha. Vifuniko vya mikanda na shafti virudishwe mahali pake baada ya matengenezo, na injini izimwe kabla mtu hajaingiza mkono kuzibua. Trela nalo si daladala. Wavunaji wasikae juu ya magunia.

7. Pampu ya petroli ibaki juu ya kisima. Ikishushwa chini, moshi wake hujaza shimo kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunusika. Na mtu akizimia humo, asishuke mwingine kumfuata bila kifaa cha kupumulia. Ndivyo shimo moja linavyochukua watu wawili.

8. Nyoka akiuma: hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kukaza kamba, na lile jiwe jeusi liacheni. Mtulize, kiungo kisichezeshwe, mbebeni hadi hospitali. Buti wakati wa palizi mara nyingi huzuia kuumwa.

9. Karatasi usiziache mwisho kama nilivyofanya mimi hapa. Sajili shamba kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Changia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango huo ni wa mwajiri, usiukate kwenye ujira wa mtu. Aliye chini ya miaka 18 asiguse dawa wala mashine, hata kama ni mpwa wako aliyekuja likizo. Ajali ikitokea, itolee taarifa mara moja, usisubiri uone kama atapona.

Na nunua daftari. Andika jina la kila kibarua, siku alizofanya kazi na namba ya simu ya ndugu yake. Mkono ukikatika, mtu ambaye jina lake halipo popote atahangaika sana kuthibitisha kwamba alikuwa kazini kwako.